Cherehani Ikinyamaza

Baba Salma, mume wangu,

Salma amenunua cherehani ya umeme. Inashona bila mtu kutoa jasho, inadarizi, inatoboa matundu ya vifungo, na ukikosea inalia kama kifaranga. Juzi akaniambia, "Mama, ile ya miguu tumpe mtu, inajaza chumba bure." Nilimjibu vibaya kuliko alivyostahili. Jioni akaja kukaa nami hapa barazani Kabeza, ndege zikishuka kiwanjani Kanombe juu ya vichwa vyetu, akaniuliza jambo ambalo hajawahi kuniuliza: "Baba alikufaje hasa?" Nikamwambia maharage yanaungua, nikaingia jikoni. Wewe unanijua, maneno hayajawahi kunipungukia. Basi nimeona nikuandikie wewe kwanza. Yeye atasoma, na yeyote mwenye mgonjwa wa aina yako nyumbani naye asome.

Nianze na lile paa, maana nina hasira nalo mpaka leo.

Yalikuwa masika ya mwaka wa tisini na mbili. Vita viko kaskazini, sisi mjini tunavisikia redioni, na bati la duka letu la Gitega linavuja juu ya meza ya kukatia. Nikakwambia subiri fundi wa mabati. Ukasema, "Mtu anayekata suti atashindwa na bati?" Ukapanda na viatu vya ngozi, mtanashati wewe, hata juu ya paa. Mimi nilikuwa nimeshika ngazi. Nilisikia soli ikiteleza, kisha nikakuona chini, kichwa kimegonga ukingo wa mtaro wa saruji, upande wa kushoto, juu ya sikio. Ulipofumbua macho uliniita kwa jina la marehemu mama yako, ukaomba chai. Watu wakacheka, kicheko cha woga, nami nikacheka nao.

Hospitali walikushona, wakakulaza siku chache, wakakuruhusu. Nyumbani ulisimama mbele ya kioo ukaukagua ule mshono wa kichwani, ukasema aliyeushona angekuwa mwanafunzi wako ungemwambia aufumue aanze upya. Tukachinja mbuzi wa shukrani. Tulidhani tumevuka.

Salma hakumbuki duka lilivyokuwa, kwa hiyo nimweleze. Wewe ulikaa mbele, mlangoni, na cherehani yako. Mimi nilikuwa nyuma, jikoni, na katikati yetu palikuwa na pazia tu. Nilikujua kwa sauti ya ile mashine. Ukishona suruali ilikwenda mbio ndefu bila kupumua. Ukishona kola ilichechemea. Akija mteja mzuri wa sura ilipunguza mwendo kabisa, na mimi nilikohoa, ikaongeza.

Kisha siku moja ilisimama katikati ya mshono. Hakuna fundi anayesimama katikati ya mshono. Nilitoka na mwiko mkononi, nikakukuta unautazama mkono wako wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kidole gumba kilikuwa kinaruka, kisha kiganja, kisha mkono mzima. Ukatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu, ukaanguka pamoja na kiti chako.

Dukani alikuwepo mama mmoja aliyekuja kuangalia blauzi yake. Majirani walijaa mlangoni upesi, na yeye akawarudisha nyuma kwa mikono yake. "Ntimumukoreho," akasema. "Musimuguse. Hii ni igicuri, inaambukiza. Ukigusa ile povu, umeisha." Unajua kwetu neno hilo linavyofukuza watu. Mtu akiwa na kifafa, wanaompenda humwangalia kutoka mbali mpaka kimwachie. Jirani mmoja akanirushia kijiko, eti nikitie katikati ya meno yako. Siku ile sikujua lolote la ugonjwa huo. Nilijua tu kwamba kichwa chako kinapiga saruji, na kichwa hicho tayari kina kovu. Nikakaa chini, nikakunja kitambaa cha blauzi ya yule mama, nikakiweka chini ya kichwa chako na kukushika mpaka ukatulia. Hakurudi kukichukua.

Daktari alitueleza kwa utulivu. Si jini, alisema, si kurogwa, na kifafa hakiambukizi. Ubongo ulijeruhiwa siku ile ya mtaro, ukapona na kovu, na pale penye kovu ndipo panaposhtuka. Akakupa vidonge vidogo vyeupe, asubuhi na jioni, bila kuruka hata siku moja. Mimi akanifundisha: mlaze kiubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, usimtie chochote mdomoni, usimbane mikono, ngoja. Nilipokuwa nafungua mlango akaniita tena. "Mama, kikianza kingine kabla hajaamka kwenye cha kwanza, mlete mbio. Hicho ndicho kinachoua."

Tangu hapo niliishi kwa masikio. Cherehani ikinyamaza, nilikuwa nimeshafika kwenye pazia kabla sijajua kuwa nimesimama. Mara nyingi ulikuwa unatia uzi tu. Uliinua sindano unionyeshe, ukacheka: "Natia uzi, Mama Salma. Rudi kwenye maharage yako." Niliuchukia mzaha huo, na nilikuwa tayari kuusikia mara mia kwa siku. Mwishowe ukanionea huruma. Kila uliposimamisha mashine, uligonga meza kwa mkasi, mara mbili, ko-ko, ili nijue uko salama. Nikaendelea kupika. Watu waliopita walidhani ni tabia ya fundi.

Wateja walipungua. Waliobaki walileta vitambaa vyao kwangu jikoni, kana kwamba ugonjwa unakaa kwenye mkono wako lakini haukai kwenye nguo uliyoishona. Hilo lilikuchekesha. Lililokuuma ni sahani.

Unaikumbuka ile Ijumaa nyumbani kwa mama, Biryogo. Sinia la pilau limewekwa, wanaume wamenawa, wewe ukiwa umekaa mahali pako pa siku zote. Kaka yangu Masudi, mtu wa swala tano na moyo mwema lakini mwoga wa maradhi kama paka na maji, akaja na sahani ya bati ya bluu akakuwekea pembeni. "Shemeji, wewe kula hapa, upate nafasi." Ukasema asante. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mimi nikainuka kwenye sinia la wanawake, nikaja kukaa mbele yako, nikatia mkono kwenye sahani yako. Mama alinikata jicho nikahisi linanipita mgongoni.

Njiani ukaniambia, "Umemwaibisha kaka yako."

"Yeye amekuaibisha wewe."

"Mimi nimekula," ukasema. "Yeye hakula vizuri, nilimwona."

Ndivyo ulivyokuwa. Ulimwonea huruma mtu aliyekutenga kwenye chakula, na mimi nikabaki na hasira ya watu wawili.

Mwaka wa tisini na nne Ramadhani iliingia mji ukiwa umeshika pumzi. Mabomu ya mkono yalikuwa yanatupwa mitaani, maduka yalifungwa mapema, na watu walianza kusalimiana wakiangalia nyuma yao. Lakini Idi ni Idi, na kila mwanamume wa Kiislamu kuanzia Gitega hadi Nyamirambo alitaka kanzu yenye mkono wako. Hapo nikaanza kukuona mchangamfu. Ulishona tangu baada ya daku mpaka adhana ya magharibi, macho yanang'aa. Majirani wakasema mfungo umekufaa. Mimi nikaingiwa na hofu, kwa sababu vidonge vile vilikuwa vinakulaza hata mchana, na mtu anayevimeza hang'ai namna hiyo.

"Unakunywa dawa?" nikakuuliza.

"Nakunywa."

"Niapie."

"Mtu aliyefunga haapishwi ovyo, Mama Salma."

Ulianguka wakati wa futari, tende ingali mkononi. Kesho yake ukaanguka tena, na keshokutwa. Ulikuwa umeacha vidonge ili usingizi usikupunguzie kanzu. Nilikuuguza kwa mikono na kukutukana kwa mdomo. "Sikio la kufa halisikii dawa," nikakwambia ulipoamka, na wewe na ulimi uliojiuma ukanijibu, "Na kanzu za watu je?" Nilitaka kukupiga. Kisha nililia, ukanifuta machozi kwa kipande cha bitana.

Daktari aliongeza dozi. Ukaahidi, na safari hii ukatimiza. Siku ya Idi ulikuwa na usingizi lakini mzima, na sahani ya bluu ilikuwa mahali pake. Ila kwa dozi mpya kopo la vidonge lilikuwa linaisha haraka. Nesi akatwambia tusiwe na wasiwasi, turudi mwezi wa nne kuchukua lingine.

Mwezi wa nne ulipofika hakuna aliyekwenda kuchukua kitu. Sitayaandika yote ya siku zile. Nitaandika ya nyumba yetu tu.

Kitambulisho chako kiliandikwa Mtutsi. Changu na cha Masudi hapana. Babu yetu alikuja na biashara kutoka Tabora, na kwenye vizuizi walituita Waswahili wakatuacha tupite. Salma alikuwa kwa mama. Masudi alikuja kwa miguu kutoka Biryogo bila kuitwa na mtu. Nyuma ya pazia tukasogeza kabati, tukapanga majora ya vitambaa kutoka sakafuni hadi darini, nyuma yake tukakuachia nafasi ya mtu mmoja kulala na mwingine kukaa. Nilitaka kufunga duka. Vijana wa kizuizi cha chini wakanikataza. "Mwenye kufunga iko na siri," mmoja wao akasema, panga likiwa kwapani. Wakaniletea suruali walizopora kwenye majumba ya matajiri, niwapunguzie miguu ziwatoshe. Basi nikakaa kwenye kiti chako. Sikuwahi kufundishwa kushona, nilikuwa nimetazama tu.

Kule nyuma wewe ulikuwa unakata vidonge kwa mkasi, kwanza nusu, kisha robo. Masudi alitoka kutafuta vingine. Nilimngoja mchana kutwa, sindano ikinichoma vidole. Alirudi mikono mitupu. Maduka ya dawa yalikuwa yamevunjwa, na aliyoyaona njiani hakuyasema. Alikaa sakafuni, akatazama ukuta. Nikaleta maharage kwenye sahani moja, maana vyombo vingine sikutaka vionekane vimetumika. Ukamsogezea. "Shemeji, kula." Masudi akatia mkono pale pale ulipotia wewe, akala. Mlikula hivyo kila siku baada ya hapo, na hakuna kati yetu aliyelisema.

Nikamfundisha Masudi yale niliyofundishwa: kiubavu, kitu laini, usitie kitu mdomoni, ngoja. Alirudia maneno yale kama mtoto wa madrasa.

Siku ile mvua ilikuwa inanyesha. Ilikuwa mchana, na kijana mmoja amekaa kwenye kigoda cha wateja anasubiri suruali yake. Nilikuwa nimesimamisha mashine, napindisha pindo. Nyuma ya majora, mlikokuwa wewe na Masudi, nikasikia kile kilio chako cha mwanzo, kifupi. Nikaweka miguu kwenye pedali nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Visigino vyako vikaanza kupiga saruji.

Kijana akainua kichwa. "Ile ni nini?"

"Ni mashini. Iko mzee, inapiga chini."

"Mbona ilikuwa inanyamaza?"

"Nilikuwa nakunja. Sasa ninakimbiza. Wewe si uko na haraka?"

Akatazama pazia. Mimi nikatazama sindano. Akatoa karanga mfukoni akaanza kula.

Kila kiungo changu kilitaka kuinuka, Baba Salma. Mikono yangu ilikijua kichwa chako, ilijua uzito wake na pale kovu linapokaa. Lakini ningeinuka, mashine ingenyamaza, na ikinyamaza ungesikika. Nikaendelea. Pindo likaisha, nikalirudia, nikalirudia tena, mpaka likawa gumu kama ubao. Mara mguu wangu ulipochoka na mwendo ukapungua, nilisikia visigino vimetulia. Nikasema alhamdulillahi moyoni. Kisha vikaanza tena. Yale maneno ya daktari yakanijia, cha pili kabla hajaamka kwenye cha kwanza, mlete mbio. Hospitali haikuwa mbali. Ilikuwa ng'ambo ya kizuizi. Nilijua kinachotokea nyuma ya vile vitambaa, na niliendelea kukanyaga.

"Haijaisha?" kijana akauliza.

"Mushono moja haitoshi. Itapasuka."

Hatimaye akaichukua, akaivuta kwa mikono kuijaribu, akasema iko nguvu. Akaitupa begani akatoka. Nje wenzake walikuwa wamejikinga mvua chini ya upenu wetu, migongo yao mlangoni. Nikaweka kipande chochote cha kitambaa chini ya sindano nikaendelea. Uzi uliisha. Sindano ikawa inatoboa tu. Sikujua tena kama nasikia miguu yako au yangu. Wakaondoka, mvua ikapungua, na bado niliogopa kusimama, kwa sababu nilijua nitakuta nini kwenye kile kimya.

Masudi alipita kwenye pazia. Kanzu yake, ile uliyomshonea ya Idi, ilikuwa imelowa povu kifuani na damu kidogo ya ulimi wako. Akaweka kiganja kwenye gurudumu la mashine, likasimama.

"Dada," akasema, "inatosha."

Alikuosha yeye mwenyewe. Yule aliyekuwa anaogopa hata sahani yako alikuosha kichwa, mdomo na masikio bila kunipa hata ndoo niishike. Sanda niliikata mimi, kwa mkasi wako, kwenye marikani uliyokuwa umeiweka kwa ajili ya foronya. Sanda haishonwi, na ilikuwa mara ya kwanza kitu kutoka dukani kwako bila mshono. Tulikuzika uani nyuma ya jiko, tukaongea kwa ishara. Baada ya vita tulikuhamisha kwa heshima, na hilo Salma analijua.

Kwa muda mrefu nilikuwa na kinyongo na miguu yangu. Ilikuwa inafanya kazi wakati mikono yangu haikukushika wewe. Nilikulinda na moto, na maji, na ngazi, na futari ya haraka, nikadhani ninawajua adui zako wote. Wala siwezi kusema umekufa kwa mapanga yao, ingawa najua ni wao waliokaa kati yako na vidonge. Haya nayasema bila kuyapamba kwa sababu Salma ameuliza.

Lakini jambo lenyewe ninalotaka alijue ni hili. Tulipokuwa tunachimba, Masudi aliniambia kwamba katikati, kabla ya kile cha mwisho, uliamka kidogo. Hukusema kitu, ulimi ulikuwa umevimba. Ulisikiliza cherehani inakwenda. Kisha ukatoa mkono ukagonga sakafu kwa kidole, mara mbili, ukangoja, ukagonga tena mara mbili. "Nilidhani anataka maji," Masudi akasema. "Nikamlowesha midomo, akatikisa kichwa. Sikujua anataka nini."

Mimi nilijua. Nikaangusha jembe.

Sikukusikia, mume wangu. Nilikuwa nakanyaga kwa nguvu mno.

Cherehani haitolewi. Nimemwambia Salma aisogeze karibu na dirisha, na yake ya umeme aiweke popote anapotaka. Leo asubuhi alikuwa anashona nayo, ikanyamaza, nami nikawa nimeshafika mlangoni kwake na mwiko mkononi, kama zamani. Alikuwa anatia uzi. Akaniangalia, mtoto wa watu, hakujua kwa nini mama yake amekuja mbio. Akishasoma hapa atajua.

Lala kiubavu, Baba Salma, kichwa chako kiko mahali laini. Mkasi wako uko mezani hapa karibu na mkono wangu. Nikimaliza kuandika jina nitaugonga, ko-ko, kisha nirudi kwenye maharage yangu.

Ni mimi mkeo,
Mama Salma